Usinitobolee Mwisho

Kenyamonta,
4 Februari 2025

Mwanangu Machage,

Huku tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi lina akili zake. Tembo walitoka hifadhini wiki iliyopita wakamaliza mihogo yote ya jirani yetu Joram, halafu wakaliruka shamba langu. Sijui nishukuru au nione wivu. Yule ng'ombe mwekundu ana mimba. Mjomba wako Erasto anakusalimu na anauliza redio yake utakuja kuitengeneza lini, maana tangu Krismasi inaongea kwa kunong'ona.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Umenifukuza.

Jumamosi nimefungua simu nikakuta maandishi mekundu: "Umefungiwa miezi sita kwa kosa la kutoboa hadithi. Admini." Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Nimetoa watoto nje ya darasa, sijawahi kutolewa mimi. Na aliyenitoa ni mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika penseli!

Kosa langu ni nini hasa? Nilisema tu kitakachotokea kwenye ile hadithi yenu ya kila Ijumaa. Darasani kwangu mtoto aliyejua jibu kabla ya wenzake alipigiwa makofi. Kwenu huko anafungiwa. Nieleze, maana nimefikiri siku tatu sijaelewa.

Ningekupigia, lakini Jumapili ulisema, "Shangazi niko bize, andika meseji." Niandike meseji ili uifute? Barua huwezi kuifuta. Simu yangu nimeizima nikaitia kwenye sanduku la vitenge, na itakaa humo mpaka uniombe radhi. Bahasha hii nampa Shani, muuza vitenge wa Mugumu, anajuana na kondakta wa basi la Tarime. Ukijibu pitishia hukohuko. Hadithi nitaendelea kusomewa na Shani siku za mnada, kwa hiyo usidhani umenikomesha.

Shangazi yako,
Mwl. Scholastica


Bomani, Tarime,
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa inanukia vitenge vya dukani. Huku hatujambo. Umeme unakatika unavyojisikia, kwa hiyo simu za watu natengeneza kwa vipande vipande. Duka nimelihamishia mlango wa pili, jirani na Ikram, binti wa mzee Abubakari wa mashuka na vyombo. Ikram ndiye admini mwenzangu. Amesoma barua yako akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia nikuombe radhi. Naomba radhi, Shangazi, kwa moyo wote. Ila adhabu siiondoi, maana nikimsamehe shangazi yangu, kesho kila mtu ataleta shangazi yake.

Ngoja nikueleze. Kijiwe cha Simulizi kina watu elfu sita, na karibu wote wamekuja kwa ajili ya hadithi hii moja, "Nyumba Isiyo na Mwana". Mwandishi anajiita Mpita Njia. Kila Ijumaa saa moja jioni anaweka sehemu moja. Wapo wanaoisoma dakika ileile, wapo wanaosubiri bando la Jumapili. Mtu akitangulia kusema kilichotokea, anawamalizia wenzake utamu. Kazi yangu ni kuulinda huo utamu. Shida ni kwamba mlinzi ndiye wa kwanza kuharibiwa, kwa sababu kila kinachotobolewa lazima kipite machoni kwangu. Kwa hiyo nimejitungia njia: nikiona tu neno "mwisho" au "mtaona ata...", nafuta palepale bila kumaliza mstari. Na mimi ni msomaji, Shangazi. Hata Ikram nimemwambia, akisoma kitu kabla yangu asinionjeshe.

Watu wa Tanga na Dar walikuwa wanauliza mwanamke anamwoaje mwanamke mwenzake. Nikabandika maelezo juu kabisa: kwetu, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, tunaita nyumba ntobhu, na watoto atakaozaa binti yule ni watoto wa nyumba ya yule mama. Nikawaambia mimi mwenyewe nimezaliwa hivyo, Bibi yangu wa Susuni alimwoa marehemu mama yangu, na ninyi mabinti wa Bibi ndio shangazi zangu. Walishangaa, halafu wakaniheshimu.

Lakini kwako wewe nimechanganyikiwa. Uliandika tukiwa sehemu ya kumi na mbili, kwamba binti atanunua bakuli la bati lenye picha ya jogoo. Juzi imetoka sehemu ya kumi na nne. Bakuli hilo, jogoo huyo, hata pale lilipobonyea ukingoni! Ulijuaje? Na kuna jingine. Uliandika hivi, nimelinakili: "Binti ataondoka na mtoto atabaki. Atakayemshika mtoto mlangoni asilaumiwe, alikuwa na sababu zake." Nani huyo? Nimezisoma sehemu zote kumi na nne, hakuna mtu mlangoni. Unamtetea mtu ambaye hata hajatokea.

Niambie ukweli, sitamwambia mtu. Mpita Njia ni wewe?

Mwanao,
Machage


Kenyamonta,
27 Februari 2025

Mwanangu Machage,

Marahaba. Radhi nimeipokea nusu, nusu nyingine utaileta mwenyewe. Goti linaendelea. Mvua bado inatutania, inakusanya mawingu halafu inaenda kunyesha kwa watu wengine. Erasto amejaribu kuifungua redio kwa kisu cha jikoni. Sasa hainong'oni tena, imenyamaza kabisa.

Mimi si Mpita Njia. Ningekuwa mimi, vituo vingekuwa mahali pake. Huyo anaandika Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka pale Sirari, na ningekuwa na daftari lake ningelijaza wino mwekundu. Lakini anajua kusimulia. Siku Shani aliponisomea lile bakuli, ilibidi nitoke nje nijifanye natafuta mtu wa kunibebea mzigo.

Nilijuaje, hilo usiniulize. Ukikaa na watoto miaka mingi unajua hadithi inakoelekea.

Mimi ndiye nikuulize. Wewe unamjua? Ana picha pale? Sauti yake umewahi kuisikia? Ni mtu wa umri gani? Anataja watoto wengine? Ukijua lolote usiwaambie wale elfu sita. Niandikie mimi.

Na nina ombi, ulifanye bila maswali. Iondoe hiyo hadithi. Yote, tangu sehemu ya kwanza. Sema imevunja sheria, si unazo nyingi? Fanya hivyo kabla haijafika mbali.

Shani ameleta vitenge vipya vya rangi ya udongo, nimekuchukulia kimoja cha pazia la duka. Unakula vizuri lakini, mura? Kwenye ile picha yako ya Kijiweni shingo imekuwa nyembamba.

Shangazi yako,
Mwl. Scholastica


Bomani, Tarime,
24 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu mara tatu nimeanza nikachana. Kitenge kimefika, kimependeza, Ikram amekipima akasema Shani amekupunja nusu yadi. Mvua huku imeanza kwa hasira. Shingo yangu iko vilevile.

Sikuelewi, Shangazi. Mwezi wa pili ulifungiwa kwa kutoboa hadithi, sasa unataka hadithi yenyewe ifutwe. Lipi ni lipi? Nikiiondoa watu elfu sita watakuja hapa Bomani kwa miguu. Na wewe hutaki niulize sababu. Nimekaa na barua yako kama mtu aliyepewa simu isiyo na kitufe.

Picha hana, ameweka picha ya barabara tu. Sauti sijawahi kuisikia. Lakini sikiliza yaliyotokea.

Machi saba ilitoka sehemu ya kumi na saba. Binti ameondoka. Ameandika hivi tu: "Akatoka. Mtoto akabaki." Hakuna sababu, hakuna maelezo, na mlangoni hakuna mtu, kwa hiyo hapo ulikosea. Shangazi, watu waliwaka. Mama gani huyu, mama gani huyu, komenti mia nane. Na mimi niliumia kuliko wote. Wangu alikufa, hakuchagua. Huyu alikuwa mzima, ana miguu, akaitumia kuondokea. Nikaandika kwa jina langu lote, Machage Wangwe, kwamba mama kama huyo heri angekufa mtoto akapata kaburi la kulilia. Ilipendwa na watu elfu moja na mia nne.

Jumapili yake mambo mawili yakaja pamoja. La kwanza, mtu wa Mugumu anayejiita Shani Vitenge, nadhani ni huyu Shani wetu, alibandika ukurasa mzima wenye kichwa cha herufi kubwa: MWISHO WA HADITHI HII NI HUU. Kwa herufi kubwa, Shangazi! Nilifuta bila kusoma hata mstari wa kwanza, nikamfungia. Mwambie hasira zake asizitie kwenye bei.

La pili, Mpita Njia mwenyewe aliniandikia pembeni, kwa mara ya kwanza. Ilianza, "Machage, kabla sijaandika sehemu ya mwisho nataka wewe ujue..." Nikafuta hapohapo. Waandishi wengine hupenda kumwonjesha admini, mimi sipendi. Nikamjibu kwa heshima, "Tafadhali usinitobolee mwisho, nitasoma na wenzangu."

Akajibu neno moja: "Haya."

Tangu hapo kimya. Ijumaa mbili zimepita hajaweka kitu. Watu wananitukana mimi kana kwamba nimemficha dukani. Na Ikram amebadilika. Siku ile aliwahi kuusoma ule ukurasa wa Shani kabla sijaufuta. Sasa ananiangalia kama anavyoangaliwa mfiwa, ananiletea chai sijaagiza. Nikimuuliza ana nini anasema hana kitu.

Nimemkosea nini Mpita Njia? Wewe unayejua hadithi zinakoelekea, hebu nisaidie.

Mwanao,
Machage


Kenyamonta,
29 Machi 2025

Machage,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Mvua imekata njia ya kwenda Mugumu, sijui hii itaondoka lini, ila nikiacha kuiandika leo sitaiandika. Wote wazima. Erasto anasalimu.

Usimlaumu Shani. Ule ukurasa niliuandika mimi, kwa simu yake, nimekaa kwenye gunia la vitenge kutwa nzima kwa sababu kidole changu ni kizito kwenye vile viherufi. Shani alikuwa akiniletea maji. Nilipomaliza nilijisikia nimetua mzigo wa kuni. Halafu Shani akasema, "Mwalimu, haipo." Dakika mbili, na haipo.

Sasa nikueleze kwa nini niliandika huko, wakati ningeweza kuja Bomani nikakaa mbele yako.

Mwaka 2011, siku nne kabla Bibi yako hajafa, aliniapisha. Unavijua viapo vya kwetu. Nilishika kiganja chake nikaapa kwamba jambo fulani sitakuambia kwa kinywa changu mpaka nife. Nimekaa nalo miaka kumi na minne. Hii hadithi ilipofika sehemu ya kumi na saba nikaona pana mlango. Nikiwaambia watu elfu sita, sijakuambia wewe. Wewe utakuwa umepita tu ukasikia, kama mtu anavyosikia ya sokoni. Mwalimu mzima nikajipongeza kwa akili hiyo. Sikujua kwamba mlinzi wa pale anafuta kwa kichwa cha habari.

Na mwanzoni, mura, sikuwa naandika kwa ajili yako. Nilikuwa najitetea. Nilijua nitakapotokea kwenye ile hadithi, nikataka watu wawe wameshanionea huruma. Shani aliponisomea sehemu ya kumi na saba nilikuwa nimeshika moyo, nasubiri nisikie habari zangu. Sikuzisikia. Akatoka, mtoto akabaki, basi. Mpita Njia alinitoa kwenye hadithi. Akabeba matusi yote peke yake, na la kwako likiwa juu.

Zaidi ya hapo siwezi, mkono unakataa. Nenda Susuni. Matiko anayetunza nyumba ya Bibi anao ufunguo. Kwenye kabati la ukutani, nyuma ya taa ya kandili, kuna kitu kimefungwa kwa gazeti. Kifungue. Halafu uniandikie, hata kama ni kunitukana.

Scholastica


Bomani, Tarime,
27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi wa tatu imenifikia Jumanne hii. Kondakta anasema ilikaa chini ya kiti cha dereva mvua nzima, imeingia maji, ila maneno yanasomeka. Natumaini wote wazima.

Jana nilifunga duka nikaenda Susuni. Mahindi ya kule yamenipita kichwa. Matiko alinipa ufunguo bila kuniuliza shida yangu, na hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu Matiko huuliza hata mbwa anakokwenda.

Nimelikuta. Bakuli la bati, jogoo mwekundu katikati, limebonyea ukingoni. Nikaketi nalo sakafuni. Shangazi, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye ule ubonyeo. Kilipajua. Nimenywea uji bakuli hili, nakumbuka nilikuwa nakunywa haraka ili nimwone jogoo akitoka chini ya uji. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe. Sasa Mpita Njia amelijuaje bakuli hili?

Kichwa changu hakikai sawa. Nikijaribu kupanga, kila kipande kinakataa mahali pake. Ni hadithi. Watu hutunga. Nyumba za namna ile Tarime ni nyingi, na mabakuli ya jogoo yalijaa Sirari. Nilijiambia hivyo mpaka nikatoka nje kutafuta hewa.

Nikaenda makaburini kulitafuta la mama, ambalo sikuwahi kuonyeshwa. Nimemwona Bibi. Nimemwona babu Wangwe. Nimemwona yule kaka yenu aliyekufa mchanga. Nikazunguka mara mbili, mara ya pili nikifunua nyasi kwa mkono. Nikamwita Matiko nikamuuliza, "Dada, mama yangu mlimlaza wapi?" Akaangalia mahindi. Akasema, "Mura, hilo muulize mwalimu."

Nimerudi nikamfuata Ikram dukani kwake, nikamwambia, ule ukurasa uliusoma, niambie. Akaanza kulia. Akasema, "Si ulisema mwenyewe hutaki kuambiwa? Wiki saba nimekaa nayo, Machage. Nilidhani ukijua ungeniita nimekuharibia."

Hata yeye sikumruhusu amalize. Nataka nisikie kwako. Kaburi la mama yangu liko wapi?

Machage


Kenyamonta,
3 Mei 2025

Machage,

Hakuna kaburi.

Mama yako anaitwa Gati. Aliondoka Susuni akiwa na miaka ishirini na mmoja, wewe ukiwa na mitatu. Yu hai, na nadhani sasa hata wewe umeshajua alikuwa akiandika nini kila Ijumaa.

Nitakuandikia yote mara moja, kiapo au si kiapo, maana nikisimama sitaendelea. Bibi yako alizaa mabinti, na mvulana mmoja aliyekufa. Mimi niliolewa kwa kuchelewa, mwalimu wa miaka thelathini na tatu, na sikumtaka Erasto. Leo tumezoeana, tunagombania redio, lakini wakati ule nililia njia nzima ya kuja Kenyamonta. Nilikubali kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu ndio Bibi aliowapeleka kwa kina Gati, akamwoa, ili nyumba yetu ipate mtoto wa kiume. Ukazaliwa wewe. Nikasema basi, machozi yangu yamefanya kazi.

Mwanamume ambaye Bibi alimruhusu kuingia kwa Gati alikuwa akimpiga. Gati alimwambia Bibi, akaambiwa avumilie. Aliniambia mimi, na mimi nikamwambia hivyohivyo, kwa Kiswahili cha mwalimu. Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa Susuni, tumeanika mtama uani, mchana kweupe. Akatoka na furushi, amekushika mkono wa kulia. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia aende anakotaka, lakini mtoto ni wa nyumba. Nikakushika mkono wa kushoto. Akavuta, nikavuta. Ukalia kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo.

Yeye ndiye aliyeachia kwanza. Aliachia kwa sababu ulikuwa unaumia. Mimi sikuachia. Nikajiona nimeshinda.

Ulimuulizia kila jioni, miezi na miezi. Jioni moja nikakuambia amekufa, ili unyamaze. Ukanyamaza. Bibi alishangaa kidogo, halafu akaona ni vizuri. Kwa hiyo uongo ule si wake, ni wangu, na kile kiapo nilikipokea kwa furaha, maana kilinifichia aibu yangu. Alirudi mara mbili kutaka kukuona. Mara zote mbili nilitoka mimi kuongea naye, nikamrudisha.

Naona aibu, mwanangu. Sina neno jingine.

Scholastica


Kenyamonta,
8 Juni 2025

Machage,

Ng'ombe mwekundu amezaa, jike. Erasto amenunua redio mpya, ya mkononi. Goti ni lilelile.

Sina la kuongeza. Nimeandika tu ili ujue nipo. Kila siku ya mnada nakwenda kwa Shani, anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Scholastica


Bomani, Tarime,
6 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tisa nimekaa bila kukujibu, nilitaka uzihesabu. Sasa najua ulizihesabu, hasira imepungua, haijaisha. Hongera kwa ndama. Duka linaendelea, na Ikram ndiye aliyekuwa akilifungua siku ambazo sikuamka.

Nilikuchukia, nikuambie wazi. Halafu nikamchukia Bibi, ambaye hajibu. Halafu nikaanza kujichukia mimi. Ile komenti yangu nilipoifuta ilikuwa imependwa na watu elfu mbili. Nilikuwa na kidole kimoja cha kufutia, Shangazi, na kwa kidole hicho nilimfuta mama yangu akiwa anafungua mdomo.

Juni kumi na mbili nilimwandikia pembeni. Niliandika kurasa, nikafuta, mwisho nikapeleka mistari mitatu: "Mimi ni Machage wa bakuli la jogoo. Ujumbe wako niliufuta kabla ya kuusoma. Naomba unitumie tena, nitasoma mpaka chini."

Siku tisa kimya. Nilikuwa natengeneza simu za watu huku nimeielekeza yangu usoni. Siku ya kumi ikaingia.

"Haya."

Halafu ikaja sehemu ya mwisho, ndefu kuliko zote. Haikuja Kijiweni, ilikuja kwangu tu. Nimeisoma mpaka chini kama nilivyoahidi, nikairudia, nikampa Ikram naye akasoma. Anaishi Isebania, upande wa Kenya, Shangazi. Ukitoka dukani kwangu kwa bodaboda hujamaliza kuwaza jambo moja umeshavuka mpaka. Anauza nyanya. Kijiwe alikigundua kwa jina langu, akaamini ndimi mwenyewe kwa sababu ya picha, na yeye pia anasema shingo imekuwa nyembamba. Alianza kuandika ili nimsikie kwanza bila kujua ni yeye, nisije nikamfukuza mlangoni.

Wale elfu sita nimewabandikia tangazo kwamba mwisho wa hadithi hii hautawekwa. Wamenitukana siku nne. Wapo waliohama. Uadmini nimemwachia Ikram, na jambo lake la kwanza lilikuwa kukufungulia wewe na Shani, kwa masharti yaleyale.

Umo kwenye sehemu ya mwisho. Mlango umo, mtama umo, mikono yangu yote miwili imo. Amesema neno juu yako, na najua goti litakuuma kwa kutaka kulijua. Sikuambii. Kaniomba akuambie mwenyewe.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa atakuja Susuni. Matiko anapika, mimi nimelisugua bakuli. Njoo na Erasto, aje na redio zote mbili. Nimesema aje saa nne, na wewe nakuambia saa nne, msikutane njiani bila mimi.

Ukifika mlangoni usisimame pale. Ingia ndani.

Mwanao,
Machage